Kwenye Sikio ni Neno Moja

Jumamosi, 2 Machi

Darasa la Kiingereza leo lilikuwa vita. Mwalimu kaja na rula ya chuma, kila mtu akikosea anaigonga mezani — sisi watu wazima, wengine na wajukuu! Imla ya maneno pacha. Yeye anayasoma, sisi tunaandika. Kwenye sikio ni neno moja, kwenye karatasi ni mawili, na maana zake hazijuani hata kwa salamu.

Weak na week. Hole na whole. Steel ya chuma na steal ya kuiba — fundi bomba wa dawati la nyuma kaandika kwamba kampuni yake inauza wizi wa hali ya juu, hauingii kutu. Tulicheka mpaka mwalimu akapandwa na hasira, rula ikapasua glasi yake mwenyewe ya maji. Kajikata kidole. Kakifuta kwenye suruali, kaendelea kusoma.

Mimi nina njia yangu, siwaambii wenzangu. Site ya ujenzi inaishia na "ite" — ite mafundi, kazi ianze. Sight ya macho ina g na h zisizosomeka, kama jicho lililofumbwa. Stationary ina a ya "acha", acha kusogea. Jipya la leo: raise na raze. Raise ina i ya "inua". Raze ina z ya "zoa" — zoa kifusi, maana umeshabomoa. Inua na bomoa kwa sauti ile ile! Wenye lugha yao walikosa sauti nyingine?

Ishirini juu ya ishirini. Peke yangu. Mtihani wa ofisini ni mwisho wa mwezi, na mshindi atapewa kiti cha Mama Katibu pale mlangoni kwa Bosi.

Jumatatu, 4 Machi

Bosi kampiga Mama Katibu kwa stepla.

Ile kubwa, ya kubania mafaili mazito. Haikumponyoka. Kairusha! Imempata juu ya nyusi.

Kosa lenyewe? Barua ya kwenda kwa mhandisi. Mama Katibu kaandika wakutane kwenye "sight" saa nne. Bosi anaipunga ile barua hewani: tukutane machoni! Mimi najenga nyumba ndani ya macho ya watu? Kisha stepla. Miaka kumi na mmoja mama yule kafanya kazi hapa. Kakandamiza leso kwenye jeraha, kachukua pochi yake, katoka bila kuaga. Mhasibu kainama kutafuta kitu chini ya meza. Mimi nilikazia macho kompyuta yangu, ambayo ilikuwa haijawashwa.

Na yote kwa sababu ya ile amri yake, kwamba kampuni ya ujenzi yenye heshima haiandiki Kiswahili. Hata fomu ya kumtuma mtu misumari ni Kiingereza. Na anayetumwa hakijui!

Baada ya nusu saa kaniita. "Wewe binti, si ndiye unayesoma Jumamosi? Kaa hapo." Kiti kilikuwa bado kina joto la mwenyewe. Matone matatu ya damu kwenye kalenda ya mezani. Nimeyafuta kwa mate na kidole.

Nilifurahi. Sina wa kumficha humu, basi niseme — nilifurahi.

Jumatano, 6 Machi

Nimejifunza: Bosi haulizwi mara mbili.

Leo kanisomea barua ya imla huku anatafuna karanga, neno moja likanipita, nikamwomba arudie. Karudia. Neno jingine, nikaomba tena. Kasimama, kaja mpaka kwenye meza yangu, kanishika sikio — kalipinda kama kitasa! "Hili ni sikio au ni pambo la kutundikia vipuli?" Kipuli kimechana ngozi. Sikulia. Nilimalizia barua na haikuwa na kosa hata moja.

Nyumbani dada kaniona damu shingoni. Nimemwambia kipuli kilinasa kwenye mtandio. Mumewe alinitazama tu. Yeye anamjua Bosi. Shemeji ndiye anayeendesha ile mashine kubwa ya kuchimbia ya kampuni, kazini wanamwita Kijiko. Mimi ananiita Kamusi. Tangu nihamie chumba chao cha uani, kila fomu ya kazi anayopewa ananiletea mimi: "Kamusi, hebu tafsiri, wasije wakanituma nichimbe kaburi langu." Anacheka mwenyewe mpaka chai inampalia, na dada anampiga mgongoni kwa kanga, punguza makelele, mtu mzima wewe.

Nataka siku moja tumtoke Bosi, mimi na shemeji.

Ijumaa, 8 Machi

Siku njema leo.

Saa tano Bosi kapiga simu, yuko barabarani, malori yananguruma nyuma yake. Habari ya Bloku C, ile safu ya vyumba vya kampuni pembeni mwa korongo. Wapangaji wamelalamika tangu mvua za mwaka jana. Kaongea kile Kiingereza chake cha mbio: ukuta wa nyuma, wote, mwanzo hadi mwisho, Jumatatu asubuhi na mapema, mashine iende. Na kile kitenzi nilikisikia vizuri kabisa. Reiz. Basi, hivyo tu. Reiz.

Inua au bomoa? Kalamu ikasimama hewani. Kwenye simu nilimsikia anapumua. Nimuulize? Sikio likaanza kuuma lenyewe. Nikapiga hesabu zangu haraka haraka: ukuta wenyewe mkongwe, umepinda. Mashine ya kuchimbia inaenda kufanya nini pale kama si kubomoa? Nikasema, "Yes sir." Nikaandika kwa z.

Tena kwa mwandiko wangu mzuri. Nani mwingine ofisini analijua neno lile? Mama Katibu angeandika ya i, ningemcheka.

Mchana shemeji kaja kuchukua fomu. Kaielekeza kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua yai.

"Hii ndiyo ile ya kuinua? Msimamizi alinidokeza wataongeza kozi nne za tofali juu, mimi nikachimbe mtaro wa msingi."

"Ile ina i, shemeji. Hii ina z. Hii ni kubomoa."

"Una uhakika, Kamusi? Mabafu yao yameegemea pale pale. Watu wanaoga."

"Watakuwa wameambiwa. Bosi si mjinga."

Kaikunja mara nne, kaitia mfuko wa shati. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Jumatatu, 11 Machi

Bado nina vumbi kwenye nywele. Nitaandika hivyo hivyo.

Nilikuwa nafungua madirisha ya ofisi, saa moja na robo. Ule mshindo niliusikia miguuni kabla ya masikioni. Vumbi likapanda juu ya mapaa. Kisha kelele — si za watu kushangaa. Nikakimbia. Ni mitaa miwili tu.

Ukuta umelala chini mzima kama mtu aliyeanguka kifudifudi. Chini yake mabafu. Wanaume wanachimbua kwa mikono, kwa sufuria, kwa mlango uliong'oka. Wakamtoa mke wa fundi cherehani mmoja wa pale Bloku C. Alikuwa na povu la sabuni kwenye nywele. Mtu kamvulia shati kumsitiri. Hakuna aliyesema kafa, waliweka tu sufuria chini, nikajua.

Shemeji alishuka kwenye mashine. Alishuka! Angeweza kukimbia. Alikuwa anasema, "Nimepiga honi, nimepita nagonga milango, nimegonga—" Kumbe aligonga. Yule mama hakusikia kwa maji masikioni, au alisikia akajua ni mtu ana haraka ya kuoga.

Wa kwanza kumpiga alikuwa mwanamke, na ndoo. Kisha sikuona tena vizuri. Tofali. Nondo. Mtu kamkalia mgongoni, mwingine anamkanyaga uso kwa kisigino, kisigino, kisigino! Nilisikia taya likivunjika. Sikujua taya lina sauti. Akawa anainua mkono mmoja kama mtoto anayeomba ruhusa darasani, wakaupiga nao. Wengine wakaitia mashine moto. Kioo kikalipuka. Mafuta yakatiririka yakiwaka mpaka korongoni.

Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji la jirani. Hatua kumi na tano. Kitambulisho cha kampuni kilikuwa shingoni. Nilikichomeka ndani ya gauni.

Polisi walipofika walirusha moshi. Watu wakatawanyika, akabaki peke yake pale chini, shati jekundu lote. Nikadhani maiti. Akakohoa.

Sikuenda hata kumshika mkono.

Jumanne, 12 Machi

Yu hai. Taya vipande vitatu, mbavu, mkono. Dada kalala sakafuni hospitali.

Polisi wameingia Bloku C alfajiri kutafuta waliochoma mashine. Wamevunja milango iliyobaki. Mfagizi wa ofisi anaishi jirani — anasema wamewapanga wanaume ukutani, ukuta wenyewe haupo, basi wakawapanga kwenye kifusi, virungu magotini. Fundi cherehani naye wakampiga! Mfiwa! Alikuwa ameshika nguo ya kumvalisha mkewe, wakadhani anaficha kitu.

Saa nne Bosi kaniita ndani, kafunga mlango. Hakupiga kelele. Hilo lilinitisha kuliko stepla.

"Nilisemaje kwenye simu?"

Nikamwambia nilivyosikia.

"Nilisema raise. Kuinua. Kozi nne, ili maji yasiingie. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nawafanyia wale watu wema." Kacheka. Kacheka kweli, mpaka kaegemea kabati. Kisha kaniwekea mbele fomu mpya na kalamu. Andika upya, tarehe ya Ijumaa. Kwa i.

Nikasema lakini mwendesha mashine anayo nyingine. Kasema nguo zake zimechanika, zimelowa damu, nani atatafuta karatasi mle? Na mtu hajui kusoma. Fomu ilisema inua, yeye kabomoa. "Hapo uongo uko wapi? Si ni kweli hajui kusoma?"

Sikuishika kalamu. Kanishika kifundo cha mkono, kakikunja nyuma polepole huku ananitazama machoni, kama anayepima ubao utavunjikia wapi. Kitu kikalia ndani. "Unataka jela ya nani, yake au yako?"

Niliandika kwa mkono huo huo unaouma. Herufi zimepinda kidogo. Nakala ya faili, ile ya z, kaichoma kwenye kisahani cha chai na kuyamwagia maji majivu.

Nikiwa mlangoni kaniambia mtihani hauna haja tena. Kazi ni yangu.

Jumatano, 13 Machi

Wamekuja. Watu mia, labda zaidi. Walitoka kuzika wakapitiliza mpaka ofisini, udongo bado miguuni.

Jiwe la kwanza limeingia dirisha la mhasibu. Baada ya hapo ni mvua. Tulikaa chini ya meza, vioo vinatunyeshea mgongoni. Mlinzi wetu, mzee wa watu, alijaribu kushikilia geti, wamemgonga nalo hilo hilo geti, jino limetoka. Wanaita kwa sauti moja: aliyeandika! Mleteni aliyeandika! Maana habari imezagaa kwamba kulikuwa na karatasi.

Nilichungulia. Fundi cherehani alikuwa mbele kabisa, uso umevimba kwa virungu vya jana, na hakurusha kitu. Mikono imening'inia tu. Watu walimpa jiwe, akalishika kidogo, akamrudishia aliyempa.

Bosi alikuwa katoka kwa mlango wa nyuma zamani.

Jioni dada karudi kuoga. Kaleta mfuko wa nguo za mumewe kutoka hospitali. Kafungua, harufu ikajaa chumba. Kavuta kutoka mfuko wa shati ile karatasi. Imekunjwa mara nne, imeganda kwa damu. Kaikunjua kwa ncha za vidole.

"Mdogo wangu, polisi wanasema iliandikwa inua. Wanasema ameua mtu kwa ujinga wake. Nisomee."

Ilikuwa inasomeka vizuri sana. Damu ilikuwa pembeni. Z yangu ipo katikati, safi, na mkia wake.

Nikasema: "Imeandikwa inua."

Niliona uso wake unavyobomoka. Kakaa juu ya zile nguo. "Kwa hiyo kweli ni yeye," anasema. "Ni yeye. Mjinga, mjinga, mjinga," anajipiga paja kwa ngumi, kila neno ngumi. Na mimi nimesimama.

Alhamisi, 14 Machi

Hospitali. Nimelazimishwa na dada nimsindikize.

Shemeji kafungwa pingu kitandani, mguuni. Askari kakaa mlangoni anakata kucha. Taya limefungwa nyaya, uso umekuwa mkubwa kama si wake. Macho ndiyo yake. Alipotuona yalicheka!

Dada hakukaa. Kasimama juu yake. "Walikuambia uinue. Karatasi ilisema uinue!" Yeye anatikisa kichwa. "Nimesomewa! Usinitikisie kichwa! Mama wa watu kafa na sabuni kichwani, na wewe unanitikisia kichwa!" Kampiga kofi. Juu ya nyaya. Alitoa mlio kupitia puani ambao sitaki kuuandika. Askari kamvuta dada nje, dada anapiga mateke, sahani ya chuma imeruka, wagonjwa wanapiga kelele.

Tukabaki mimi na yeye.

Mkono wake mmoja mzima ulikuwa unatafuta juu ya shuka. Nikadhani anataka maji. Kanishika kiganja, kakifungua. Akachora kwa kidole. Mstari, ukakata, mstari. Mara ya pili, akakandamiza zaidi.

Z.

Anaijua. Nilimfundisha mwenyewe Ijumaa, mbele ya dirisha.

Dada alipoachiwa kurudi kauliza, anasema nini? Nikasema sijui. Hakuninyang'anya mkono wake, shemeji. Mimi ndiye niliyeuvuta wangu.

Ijumaa, 15 Machi

Sikwenda kazini. Bosi kapiga simu mara sita. Ya saba nimeitumbukiza simu kwenye ndoo.

Nimepanga vitabu vyangu vya Kiingereza, nimevipangua.

Dada hali chakula. Anasema atamwomba radhi fundi cherehani kwa niaba ya mumewe, akampigie magoti. Anataka nimwandikie maneno ya kusema.

Jumamosi, 16 Machi

Naandikia kwenye benchi la kituo cha polisi. Daftari liko ndani ya pochi, natoa kidogo, narudisha. Jicho la kulia limefumba kabisa, hivyo mistari inapanda.

Nimemwambia. Asubuhi, alikuwa anasonga nywele mbele ya kioo. Nilisema tu, dada, haikuandikwa inua. Nilikuongopea. Niliandika mimi, na yeye aliniuliza, na nikamwambia bomoa.

Aliendelea na msuko mpaka mwisho. Kaufunga. Kisha kanigeukia.

Amenipiga. Sijawahi kupigwa hivyo, hata na baba. Kwanza kitana, kimevunjikia shavuni. Kisha mwiko. Kanishika nywele kanigonga kichwa kwenye mlango, mara tatu, na kila mara anataja: "Nilimpiga! Juu ya nyaya! Nilimpiga!" Nilikaa chini nikajikunja, sikuzuia hata pigo moja, na hilo lilimwongezea hasira — "Jitetee! Jitetee nikuue vizuri!" Jirani kagonga, dada kamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ni kabati limeanguka.

Mwiko ulipovunjika kakaa sakafuni karibu yangu. Tunahema wote wawili. Baadaye kalowesha kitambaa, kanifuta damu puani. Kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. "Oga," anasema. "Vaa ile nguo ya kazini. Twende."

Ile karatasi kaishika yeye, ndani ya blauzi, upande wa moyo. Njiani hakuniachia kifundo cha mkono, ni kile kile alichokikunja Bosi. Sikumwambia kinauma.

Hapa tumeambiwa tusubiri. Mpelelezi wa kesi katoka, atarudi. Askari wa dirishani kaniangalia uso kauliza nani kanipiga. Nikasema kabati. Dada kasema, "Mimi." Askari kaamua kutuandika kama watu wa maelezo tu.

Halafu kaingia fundi cherehani.

Anachechemea. Kavaa koti, kalifunga vifungo vyote na joto hili. Hakuna pengine pa kukaa, kakaa kwetu, upande wangu. Kasalimia vizuri. Kaniona jicho, kasema, "Pole, mwanangu. Nawe walikufikia?" Alidhani polisi. Nikasema asante.

Kapewa fomu ya maelezo. Ya Kiingereza, bila shaka! Kaigeuza mbele, nyuma. Kamuuliza askari kama kuna mtu wa kumjazia, askari kasema tafuta anayejua. Basi kanigeukia mimi, maana nilikuwa na kalamu mkononi.

"Unajua hiki, mwanangu? Nisaidie. Mimi naongea tu, wewe andika."

Nikaishusha kalamu mapajani. Dada kafungua vidole vyake kwenye mkono wangu, kimoja kimoja. "Mwandikie," kasema.

Nikaandika. Jina lake, kazi yake. Jina la mkewe — sikuwa nalijua mpaka leo, siliandiki humu. Kasema mkewe aliamka kabla yake. Kasema walikuwa wamegombana juu ya ndoo, nani achote kwanza, jambo la kipuuzi, alimwambia nenda wewe basi, nimechoka na makelele yako. Kaniuliza kama hilo ni lazima liandikwe. Nikasema si lazima. Akafikiri. "Liandike. Ni kweli." Kasema alisikia honi akafikiri ni gari la taka. Kasema mtu alipita akigonga milango, na mlango wake uligongwa, akatoka, na alidhani mkewe ameshatoka, kwa sababu siku zote mkewe ni mwepesi kuliko yeye. Alikuwa amesimama nje na cherehani kifuani. Aliokoa cherehani!

Niliandika kila kitu, pole pole, na kila neno lenye pacha nililisimamia na kulikagua pande zote kabla ya kulipitisha. Morning. Heard. Whole.

Kisha kauliza, si kwa ubaya, kama mtu anavyomuuliza mwenzake kwenye foleni:

"Na wewe mwanangu, kilichokuleta hapa ni nini?"

Askari akamwita dirishani kabla sijafungua mdomo, aonyeshe kitambulisho. Kainuka kwa kushikilia bega langu. Dada ananitazama, hanisaidii. Fomu yake iko magotini mwangu, nusu ukurasa bado mweupe, pale wanapouliza unamjua aliyehusika.

Amemaliza dirishani. Kapita kwenye mtungi wa maji pale kona. Kajaza vikombe viwili, anakuja navyo taratibu kwa ule mguu wake, anaangalia visimwagike. Dada kashakataa, kasema hana kiu.

Kimoja ni changu.